Kuloweka na Kusuuza Kimea cha Bia Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kutopoteza Sukari

Malalamiko ni yaleyale. Mtu amenunua kilo 5 za kimea kizuri cha shayiri, amefuata vipimo alivyopewa, na mwisho wa kazi haidromita, yaani kifaa kinachoonyesha maji yana sukari kiasi gani, inasoma 1.032 mahali palipotakiwa 1.050. Mwingine maji yamemgomea kabisa: koki iko wazi na hakuna kinachotoka. Wa tatu bia yake ina nguvu ya kutosha, lakini inaacha ukakasi mdomoni kama ndizi mbichi.

Yote matatu huzaliwa katika saa mbili au tatu za kazi, yaani wakati wa kuloweka kimea ili wanga wake ugeuke sukari, na wakati wa kukisuuza ili sukari hiyo itoke. Shida ni kwamba wengi wanatibu ugonjwa wasio nao. Ambaye wanga wake haukugeuka kuwa sukari anaongeza maji ya kusuuza. Aliyesuuza vibaya anarefusha muda wa kuloweka. Kwa hiyo katika hatua zote zilizo hapa chini, kuna moja ninayokuomba usiiruke hata ukiwa na haraka: pima maji matamu ya kwanza kuchujwa kutoka kwenye kimea, kabla hujaanza kusuuza. Kipimo hicho kinakuonyesha tatizo liko upande gani.

Hesabu zote ni za kupata lita 20 hivi za bia kutoka kilo 5 za kimea cheupe cha shayiri. Nyuzi zote ni za Selsiasi.

## Vitu vya kuandaa

- Kimea cha shayiri kilo 5, kikavu, kisicho na harufu ya uvundo. Chenye ukungu kitupe. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha.
- Deli la plastiki la kubebea vinywaji baridi, la lita 25 au zaidi, lenye koki, na ndani yake kichujio: sahani yenye matundu au bomba la wavu wa chuma. Usipokuwa na deli, sufuria kubwa na mfuko wa kitambaa chepesi cha pazia vinatosha. Maelezo yake yako mbele.
- Sufuria ya lita 30 au zaidi ya kuchemshia, na nyingine ya kupashia maji ya kusuuza.
- Kipimajoto, haidromita na mizani.
- Iodini ya duka la dawa na kisahani cheupe.
- Mwiko mrefu, jagi la lita 1 au 2, ndoo safi, blanketi.
- Pumba za mpunga gramu 250, ziwe akiba.
- Maji lita 31, na mengine kidogo ya nyongeza.

Hizo lita 31 zinagawanyika hivi: lita 15 za kuloweka, ambayo ni lita 3 kwa kila kilo, na lita 16 za kusuuza. Kimea kitanyonya karibu lita 1 kwa kila kilo na hakitaiachia, kwa hiyo zinabaki lita 26 za kuchemsha. Ukichemsha saa 1 zinapungua hadi kama lita 22, na nyingine zitabaki na mashapo chini ya sufuria.

## Hatua ya 1: Kipime kipimajoto chako

Kipimajoto kinachodanganya kwa nyuzi 4 kinaharibu kazi yote iliyobaki, na vingi vya bei nafuu vinadanganya. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, subiri dakika 2. Kinapaswa kusoma 0.

Kisha kipime kwenye maji yanayotokota. Hapa kuna mtego kwa wanaoishi nyanda za juu. Dar es Salaam na Mombasa maji hutokota kwenye nyuzi 100, lakini kila unapopanda mita 300 hivi kiwango kinashuka kwa karibu nyuzi 1. Nairobi na Mbeya utasoma kama 94 au 95, na hapo kipimajoto chako kiko sawa kabisa. Watu wamevitupa vipimajoto vizima kwa sababu hiyo.

Tofauti ukiijua, iandike kwenye kipande cha plasta na uibandike juu ya kipimajoto.

## Hatua ya 2: Paraza kimea, usikisage unga

Kama ningeulizwa sukari nyingi hupotelea wapi, ningesema hapa, kabla hata jiko halijawashwa.

Kila punje inatakiwa kupasuka vipande viwili au vitatu, wanga wa ndani uwe wazi, lakini ganda la nje libaki zima kadiri inavyowezekana. Wanga ukiwa wazi, maji yanaufikia. Maganda yakiwa mazima, yanajipanga chini ya chombo na kuwa chujio. Punje isiyopasuka haitoi kitu hata ukiiloweka mpaka kesho. Ganda lililosagika linageuka tope, na tope ndilo linaloziba koki.

Usikipeleke kimea kwenye mashine ya kusaga unga wa ugali. Utarudi na unga mzuri sana wa uji na hutaweza kuuchuja. Mashine ya roli mbili ndiyo bora. Nafasi kati ya roli iwe milimita 1 hadi 1.2. Mashine ya mkono ya kusagia karanga au mahindi nayo inafaa ukilegeza skrubu na kuparaza polepole.

Ujanja mmoja unasaidia sana: dakika 10 kabla ya kuparaza, nyunyizia kilo 5 hizo maji mililita 100 tu, ukigeuzageuza kwa mikono. Ganda linalainika na kukunjika badala ya kuvunjika, huku ndani kukiwa bado kukavu.

Umefaulu ikiwa: ukichota kiganja kimoja huoni hata punje 2 au 3 nzima, maganda yanaonekana wazi, na unga uliopo ni kidogo.

## Hatua ya 3: Tazama maji yako

Maji ya bomba yenye klorini yachemshe, au yaache wazi usiku kucha. Klorini ikiingia kwenye bia inaleta ladha ya dawa isiyoondoka.

Maji ya kisima kirefu ni suala jingine. Maeneo mengi ya Bonde la Ufa yana maji yenye magadi, na magadi yanapandisha pH, yaani kipimo cha asidi: kikipanda, asidi imepungua. Rojo la kimea linataka pH kati ya 5.2 na 5.6. Ikipanda sana, vimeng'enya, yaani vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vinafanya kazi kwa uvivu na maganda yanatoa tanini, ambayo ndiyo chanzo cha ule ukakasi. Kama huna namna ya kupima pH na unajua maji yako ni ya magadi, changanya nusu kwa nusu na maji ya chupa yenye madini machache. Mwenye vipande vya kupimia pH atumie asidi ya laktiki ya chakula, tone kwa tone, akipima kila mara.

## Hatua ya 4: Pasha maji na uchanganye

Kimea ni baridi kuliko maji, kwa hiyo ukichanganya joto litashuka. Unataka rojo litulie kwenye nyuzi 66, basi maji lazima yaanzie juu zaidi. Kwa lita 3 kwa kilo, fanya hivi: toa joto la kimea kutoka kwenye 66, zidisha kwa 0.137, kisha jumlisha na 66.

Kimea kilichokaa kwenye chumba cha nyuzi 30 Dar kinataka maji ya nyuzi 71. Kimea cha nyuzi 18 huko Mbeya mwezi wa Julai kinataka karibu 73. Hesabu hiyo haihusu joto linalonyonywa na chombo chenyewe, kwa hiyo kwanza mimina lita 3 au 4 za maji yanayotokota ndani ya deli, funika dakika 10, kisha yamwage.

Weka maji kwanza, kimea baadaye. Mimina kimea kidogokidogo huku mwenzako akikoroga, au koroga mwenyewe baada ya kila jagi. Ukikimwaga chote kwa mkupuo yatajitokeza madonge, meupe na makavu katikati, na kila donge ni sukari uliyoiacha. Yavunje kwa mwiko ukiyaburuza kwenye ukuta wa chombo.

Sasa pima joto sehemu tatu: katikati, pembeni, na karibu na chini. Zikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 1, endelea kukoroga. Likiwa juu ya 69, ongeza maji baridi kikombe kimoja kimoja. Likiwa chini ya 63, ongeza maji yanayotokota, kwa kiasi kilekile cha uangalifu.

Kwa nini 66? Kuna makundi mawili ya vimeng'enya. Moja linafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 65, linatoa sukari ambayo hamira inaila yote, na linakufa haraka joto likipita 70. Jingine linapenda 70 hadi 75 na linaacha sukari nzito ambazo hamira haiziwezi. Nyuzi 66 zinayapa yote mawili nafasi. Ukitaka bia kavu, nyepesi, shuka hadi 64. Ukitaka nzito mdomoni, panda hadi 68.

Tahadhari: lita 15 za maji ya nyuzi 71 zinababua vibaya. Usizinyanyue peke yako, na watoto wasiwe karibu.

## Hatua ya 5: Acha dakika 60, kisha iulize iodini

Funika, zungushia blanketi, acha. Koroga mara moja baada ya dakika 20 na nyingine baada ya 40, haraka haraka ili joto lisitoke. Likishuka nyuzi 2 kwa saa nzima hakuna neno.

Waliowahi kuona togwa ikitengenezwa wanajua kinachotokea humo ndani: uji mzito ukitiwa kimea cha ulezi unalegea na kuwa mtamu. Kazi ni hiyohiyo, ila hapa tunaisimamia kwa kipimajoto.

Dakika ya 60, chota kijiko cha maji tu, bila maganda, weka kwenye kisahani cheupe, dondoshea tone la iodini. Likibaki rangi ya kahawia, wanga umekwisha. Likigeuka buluu au jeusi, bado. Ongeza dakika 15 na upime tena. Maganda yenyewe hugeuka meusi siku zote, ndiyo maana tunachota maji matupu. Sampuli hiyo imwage, usiirudishe kwenye chombo.

## Hatua ya 6: Rudisha, chuja, PIMA

Fungua koki robo tu. Maji ya kwanza yatakuwa na tope na vipande vya maganda. Yakinge kwenye jagi na uyarudishe juu taratibu, ukiyamimina juu ya kijiko au kisosi ili yasichimbe shimo kwenye kimea. Baada ya lita 3 au 4 utaona mabadiliko: vipande vinatoweka na maji yanang'aa. Maganda yamejipanga. Sasa elekeza mpira wa koki kwenye sufuria ya kuchemshia.

Acha koki robo kwa dakika 5 za mwanzo. Ukiifungua yote, uzito wa maji unakandamiza kimea chini na kukifanya kigumu. Hatimaye utapata karibu lita 10.

Jaza gilasi ya haidromita maji haya ya kwanza, ifunike, ipoze kwenye beseni la maji baridi hadi joto lililoandikwa kwenye haidromita, mara nyingi 20. Maji ya moto yatakupa jibu la uongo. Kama yamegoma kushuka chini ya nyuzi 30, soma kisha ongeza 0.002 au 0.003.

Kwa lita 3 kwa kilo, kimea kilichotoa kila kitu kinasoma karibu 1.080.

- 1.075 hadi 1.083: wanga umegeuka. Chochote kitakachopungua kuanzia hapa ni kosa la kusuuza au la kupima lita.
- Chini ya 1.070: tatizo liko nyuma yako, yaani kuparaza, madonge, joto au pH. Kusuuza zaidi hakutakusaidia. Kama bado hujamwaga maji ya kusuuza, rudisha hayo uliyochuja, yapashe kidogo yafike 68, koroga vizuri, subiri dakika 30 nyingine.

## Hatua ya 7: Suuza kwa mikupuo miwili

Lita 5 hivi za maji matamu bado zimekwama ndani ya machicha, na zina theluthi moja ya sukari yako yote. Hiyo ndiyo unayoifuata.

Kuna wanaosuuza kwa kunyunyizia maji juu taratibu kwa saa nzima huku wakichuja chini. Njia hiyo ni nzuri ikiwa maji yanapita sawasawa kila mahali. Nyumbani mara nyingi hayapiti hivyo. Yanatafuta njia rahisi pembeni na kuacha katikati kutamu. Napendekeza mikupuo miwili, kwa sababu haitegemei ustadi wa chombo.

Funga koki. Mimina lita 8 za maji ya nyuzi 78 hivi, ambayo yakikutana na machicha yatatulia karibu na 73. Koroga kwa nguvu mpaka chini kabisa, maana nia ni sukari iliyokwama ijichanganye na maji mapya. Subiri dakika 10. Rudisha lita 2 au 3 za mwanzo kama awali, kisha chuja zote. Rudia na lita 8 zilizobaki.

Joto linasaidia kwa kuwa maji matamu ya moto ni mepesi na yanatiririka. Lakini machicha yenyewe yasizidi nyuzi 77. Juu ya hapo, hasa pH ikiwa imepanda, maganda yanaachia tanini.

Ukipima kila mkupuo utaona ngazi hii: wa kwanza karibu 1.030, wa pili karibu 1.012. Ikifika chini ya 1.010, acha. Kilichobaki ni sukari kidogo na ukakasi mwingi. Kama lita hazijatosha, ongeza maji safi moja kwa moja kwenye sufuria badala ya kuendelea kukamua machicha.

## Maji yakigoma kushuka

Funga koki kwanza. Usinyonye wala kufungua zaidi, unazidi kukaza. Koroga rojo lote upya, ongeza lita 2 za maji ya nyuzi 75, na pumba za mpunga ulizozisuuza kwa maji ya moto. Subiri dakika 10 maganda yakae, fungua robo, rudisha maji ya kwanza mpaka yang'ae.

Tazama pia joto. Rojo lililopoa hadi 50 linakuwa zito na linashuka kwa taabu, na tiba yake ni maji ya moto tu.

Ikiwa kimea chako kina ngano nyingi au kimeparazwa laini kupita kiasi, tia pumba tangu mwanzo. Kwenye mashine nyingi za mpunga zinapatikana kwa bei ndogo au bure.

## Ukitumia sufuria na mfuko

Hatua ni zilezile, ila kimea kinakaa ndani ya mfuko. Mambo mawili ya kuangalia. Moto ukiwaka, mfuko usiguse chini ya sufuria, la sivyo utatoboka na kimea kitaungua. Weka kisahani cha chuma au wavu. Halafu parazo linaweza kuwa laini kidogo zaidi, kwa kuwa kitambaa ndicho chujio.

Saa 1 ikiisha, nyanyua mfuko, uache uchuruzike, pima maji kama hatua ya 6, kisha uchovye kwenye ndoo yenye maji ya kusuuza ya nyuzi 75, uutikise dakika 10, uukamue. Ndiyo, ukamue. Kukamua hakuleti ukakasi. Kinachouleta ni joto kubwa na pH ya juu. Mfuko uliokamuliwa unabakiza kama nusu lita tu kwa kilo, kwa hiyo punguza maji ya kusuuza kwa lita 2 hivi.

## Hatua ya 8: Pima jumla, washa moto

Koroga sufuria nzima kabla ya kuchota sampuli, kwa kuwa maji mazito ya kwanza yamelala chini. Lita 26 zinapaswa kusoma karibu 1.044, na baada ya kuchemka zikiwa 22 zisome karibu 1.052.

Kama maji ya kwanza yalikuwa mazuri na jumla ni ndogo, hesabu lita kabla ya kujilaumu. Maji yanayotokota yametanuka kwa karibu asilimia 4. Lita 26 ulizosoma kwenye mvuke ni 25 zikipoa. Lita zikiwa sawa, basi hukukoroga vya kutosha kwenye mikupuo.

Chemsha palepale. Maji matamu yasiyochemshwa yakilala usiku kwenye joto la pwani, asubuhi yameshachacha. Machicha nayo yapeleke kwa ng'ombe, nguruwe au kuku siku hiyohiyo.

## Kwa wanaotumia kimea cha mtama

Mtama haukubali utaratibu huu kama ulivyo. Wanga wa shayiri unalainika kuanzia nyuzi 60 hivi, hapohapo vimeng'enya vinapofanya kazi. Wa mtama unataka takriban 70 na kupita, na ukifika huko umeshaviua vimeng'enya unavyovihitaji. Ndiyo maana wengi wanaoloweka mtama kwa nyuzi 66 iodini inabaki nyeusi saa 2 baadaye.

Suluhisho ni kuvitenganisha. Kwanza sugua kimea uondoe vichipukizi na vijizizi vyote, kwa sababu machipukizi ya mtama yana kemikali inayotoa sianidi. Loweka parazo kwenye nyuzi 50 kwa dakika 30, acha litulie, kisha chota maji ya juu yaliyo safi uyaweke pembeni. Vimeng'enya vimo humo. Rojo zito lililobaki lipike kama uji kwa dakika 20 hadi 30, ukikoroga lisishike chini. Lipoze hadi kama nyuzi 70, rudisha maji uliyoyatenga, na mchanganyiko utulie kwenye 62 hadi 65 kwa saa 1 na nusu.

Utaona uji ukilegea ndani ya dakika 15. Mtama hauna ganda la kutengeneza chujio, kwa hiyo pumba za mpunga hapa si akiba tena: tia gramu 500 kwa kilo 5, au tumia mfuko. Kipimo cha kwanza kinaweza kuwa chini ya kile cha shayiri hata kazi ikiwa nzuri. Fuata iodini, na ikibaki ya kahawia anza kusuuza.